Mjomba Aliyebisha Hodi Baada ya Kuzikwa

Ukimwuliza msusi huyu amesoma vitabu vingapi tangu mwaka jana, atakwambia vingi, hata hesabu imempotea. Ukimwuliza amevifungua vingapi kwa mikono yake mwenyewe, hapo atacheka mpaka kitana kimtoke. Mikono yake haina nafasi, jamani. Tangu asubuhi imo vichwani mwa watu, inagawa, inapaka mafuta, inasokota, na ikirudi nyumbani inakuta sufuria zinaisubiri. Akijaribu kusoma kitandani hamalizi hata ukurasa. Kitabu kinamwangukia usoni, mumewe anakiokota na kuzima taa.

Sasa mtu kama huyo, anayependa hadithi kuliko chai ya asubuhi, afanyeje? Alitunga sheria. Kwenye chumba chake cha kusukia, kile kinachotazamana na barabara, anayekaa kitini anasoma. Na anasoma kwa sauti kubwa, maana jirani ni fundi wa matairi na mashine yake ya upepo haina adabu. Mteja mgeni akishangaa, msusi humwambia, "Kichwa umenipa mimi. Macho na mdomo umebaki navyo. Vina kazi gani?" Anapewa kitabu, anaonyeshwa mahali penye alama, ambayo ni kipande cha nywele za bandia kilichosukwa, kisha anaelezwa kwa ufupi wenzake walikoishia. Wengi huanza kwa aibu, wakisoma kama watoto wa darasa la kwanza. Lakini ngoja wafike ukurasa wa pili! Wapo waliokwisha kusukwa wakakataa kunyanyuka mpaka wajue bwana harusi alikimbilia wapi.

Ndivyo kitabu kimoja kinavyopita midomo mingi. Kila mteja anakijua kipande chake tu, kama mtu aliyeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko. Anayekula sahani nzima ni msusi.

Na usidhani anachota ovyo. Ana mpango wake. Twende kilioni, ile mistari inayonyooka kwenda nyuma, inakwisha upesi, kwa hiyo hupewa hadithi fupi au mashairi. Rasta nene zinatosha sura ndefu moja au mbili. Rasta ndogo ndogo, zile za kukalia kiti mpaka kiuno kife ganzi, hizo ndizo za riwaya. Ukiingia tu mlangoni, kabla hujasema unataka msuko gani, ameshakuchagulia kurasa.

Mwaka huu, kwa kweli, amekula vizuri. Amesikia habari za mwanamke aliyeendesha greda na kuchonga barabara mlimani, akampenda mpaka siku hizi akipita penye kifusi lazima asimame kutazama. Amesikia kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki, kwa sababu siku ile hapakuwa na kingine, na sasa ole wako umguse kwenye habari za malkia wa nyuki, hutoki. Amesikia hadithi ya upelelezi ambayo karatasi yake ya mwisho ilichanwa zamani na mtu asiyemwogopa Mungu; kila mteja akaleta muuaji wake, wakabishana kutwa nzima, na mpaka leo wapo wasiosalimiana vizuri. Na pale kwenye rafu aliyoipigilia mumewe, ambaye ni seremala, kati ya pakiti za nywele na chupa za mafuta, vimo vinavyosubiri zamu: diwani nyembamba ya mashairi, safari za mtu aliyekwenda nchi za barafu, na riwaya moja ya vizazi vitatu, nene kama tofali, aliyowekewa na muuza vitabu vya mitumba. Hilo tofali analitamani kama mjamzito anavyotamani embe bichi. Hulitazama huku akisuka, akaliambia, "Tulia, mwenzangu, zamu yako yaja."

Ni mtu wa shukrani, msusi huyu, tena shukrani zake hazikai moyoni, zinatoka na sauti. Mteja akifunga kitabu, anaombewa macho, anaombewa koo, anaombewa mpaka watoto. Lakini ukimkamata siku ametulia, ukamwuliza ni nani hasa anayemshukuru kuliko wote, hatataja mteja. Atamtaja mama mkwe wake.

Maana alipoolewa hakujua kusuka hata nywele za mwanasesere. Kisha mumewe akaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akilipiga misumari, akavunjika mguu, akalala miezi. Wengine wangemwambia mkwe, "Nuksi imeingia na wewe." Mama mkwe hakusema. Alichukua kiti chake cha sebuleni, hiki hiki wateja wanachokalia leo, akakiweka mlangoni, akakaa, akasema, "Njoo ujifunzie kichwani kwangu. Vuta, usiogope, hiki kichwa kimeshavutwa na mengi." Akamwonyesha kugawa, akamwonyesha kushika shina. Mistari ya kwanza ilikwenda upogo kama njia ya mlevi. Mama mkwe hakujifunga kitambaa kuificha. Alizunguka nayo mtaa mzima, shingo juu, akisema, "Mmeona? Mkwe wangu kanisuka!" Watu wakacheka, lakini wakaja.

Mama huyo basi hupita chumbani kila Jumamosi, na nywele zikichoka anasukwa. Ila kwenye kusoma alikuwa anakwepa. Mara miwani ameisahau, mara macho leo yana ukungu, mara kichwa kinamgonga. Msusi hakumlazimisha. Aliyemsumbua ni Nesi.

Nesi ni mteja wa siku nyingi na rafiki wa msusi, mwanamke mcheshi anayefanya kazi wodi ya wazazi, na mdomo wake hauna kufuli. Si mbaya, tafadhali nielewe. Ni mbishi tu. Atabishana nawe hata mkikubaliana. Basi Jumamosi moja mama mkwe alipokuwa anakaa kitini, Nesi, akingoja zamu yake kwenye benchi, akamchokoza. "Mama, hiyo miwani yako ina safari nyingi kuliko rubani! Kila tukiihitaji haipo."

Mama mkwe akamtazama. Akafungua mkoba taratibu, akatoa miwani, akaivaa. "Haya, lete hicho kitabu."

Msusi alifurahi, asikwambie mtu. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya dada wawili walioachiwa tanuri la mikate na baba yao, na mjomba wao, kaka wa mama yao, anayetaka kuwanyang'anya. Msusi akamsimulia mama yote yaliyotangulia, jinsi mjomba alivyowatoa shule ili wamfanyie kazi, jinsi dada mkubwa alivyoapa hatamsamehe. Mama akasikiliza, akaitikia, akafungua penye alama, akasoma.

Weee! Alisoma si mchezo. Mjomba ameugua, hana wa kumtazama, jamaa wote wamemkimbia. Dada mdogo anakwenda kwake. Anachemsha maji, anamwogesha, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mjomba anamshika mkono, machozi yanamtoka, anasema, "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe." Anakata roho alfajiri, na waliomzika hawafiki hata kujaza benchi mbili. Msusi alisuka huku anajifuta pua kwa kiwiko. Nesi, aliyezoea kuona watu wakizaliwa na wakifa, alilia mpaka akaomba kitambaa. Mama alipokwisha kusukwa akaweka alama, akavua miwani, akasema anawahi sokoni, akaondoka.

Nesi akakalia kiti, bado anapenga kamasi, akafungua penye alama, akaanza: "Mjomba akabisha hodi, amevaa koti jipya."

Kitana cha msusi kikasimama hewani. Hata mashine ya jirani ikanyamaza, utadhani nayo ilisikia.

"Ala!" Nesi akasema. "Si tumemzika sasa hivi huyu? Machozi yangu hayajakauka, yeye keshavaa koti!" Akarudisha kurasa nyuma. "Mbona hapa naona habari za mwashi na matofali? Mgonjwa yuko wapi?"

"Hebu lete hapa," msusi akasema, akakichukua. "Kurasa zitakuwa zimeshikana. Mama ameruka."

"Hazijashikana popote. Mama kasinzia akaota, au mimi ndiye niliyeota. Jumamosi ijayo sina zamu kazini. Nakuja, hata kama kichwa kimeshasukwa. Mama atusomee sura ile ile upya, neno kwa neno, tujue nani kalala!" Akacheka kwa raha zake, akaendelea na mjomba mwenye koti.

Jumatatu asubuhi, kabla mteja hajaingia, msusi alikaa kwenye benchi akaisoma ile sura kwa macho yake. Ilikuwa ya mwashi aliyeitwa kutengeneza tanuri, akagombana na dada mkubwa juu ya matofali mabovu. Mwanzo hadi mwisho, mwashi na matofali. Mjomba hata kutajwa hakutajwa.

Ndipo mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Kwamba mama alifungua ukurasa mpya kila msusi alipochovya vidole kwenye mafuta, si kabla, si baada. Kwamba hakukwama hata mara moja, ilhali hata Nesi na elimu yake hukwama. Kwamba chupa ya dawa za asubuhi mama huifunga uzi, asiichanganye na ya jioni. Kwamba ujumbe ukiingia kwenye simu yake husema, "Nitazamie, mwanangu, hii miwani imechafuka." Miaka yote hiyo, nyumba moja, chungu kimoja, na yeye mpenda vitabu hakuona! Msusi alilia pale kwenye benchi. Hakulia kwa sababu mama hajui kusoma, hilo si kosa. Alilia kwa sababu sheria yake mwenyewe, aliyoitunga kwa kujifurahisha, ndiyo iliyombana mwanamke yule mpaka akajifanya. Na Jumamosi Nesi angemwekea kitabu mapajani mbele ya watu na kumwambia soma neno kwa neno. Kwenye kiti kile kile mama alichompa yeye! Kama hiyo si fadhila ya punda, basi sijui ni nini.

Juma zima hakuwa na raha. Alifikiri kukificha kitabu. Nesi angekitafuta mpaka chini ya jamvi. Alifikiri kumweleza Nesi ukweli. Lakini siri ile si yake, na ukimpa Nesi siri umeipandisha basi. Alifikiri kumwambia mama asije. Angemwambia kwa sababu gani? Ijumaa akafumua nywele zake mwenyewe.

Jumamosi mama mkwe alipoingia alimkuta msusi amekaa kitini, nywele zimesimama pande zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ala, leo mganga ndiye mgonjwa?"

"Nisuke wewe leo, Mama. Mimi nasuka wote, mimi hakuna anayenisuka."

"Vidole vyangu vimezeeka."

"Kichwa changu hakina haraka."

Mama akacheka, akashika kitana. Alikuwa amegawa mstari wa kwanza Nesi alipoingia, hodi yake ikitangulia toka barabarani. "Nimekuja na ubishi wangu! Mama, shikamoo. Kitabu kiko wapi? Leo leo!"

Msusi alisikia vidole vya mama vikigandia kichwani mwake. Akawahi. "Sheria ni sheria, Nesi. Anayekaa kitini ndiye anayesoma. Leo ni mimi."

"Soma basi. Ile ile!"

Akakifungua. Macho yake yaliona mwashi. Mdomo wake ukasema mjomba. "Mjomba aliugua, na jamaa wote walimkimbia," akasoma, na hapakuwa na mjomba, palikuwa na matofali. Kazi ngumu, ndugu yangu! Mtu aliyezoea kusoma macho yanamvuta kwenye herufi kama ng'ombe kwenye majani, naye akayafumba nusu, akatafuta kichwani maneno ya mama, akayapanga moja moja. Dada mdogo akaenda. Akachemsha maji. Akamwogesha. Akafungua ukurasa ili aonekane anasoma. Nesi kwenye benchi ameegemea ukuta, amefumba macho, anatikisa kichwa kuwa ndiyo, ndiyo, hiyo hiyo.

Vidole vya mama vilikuwa vinasuka. Kisha vikaacha. Msokoto wa nywele uliofika nusu ukabaki mkononi mwake, haendelei, wala hauachii. Msusi akasoma sentensi nyingine. Alijua kwamba mama amejua.

"Hapo umeruka," mama mkwe akasema.

"Nimeruka nini, Mama?"

"Kabla ya kumwogesha alimkata kucha. Zilikuwa zimerefuka, zimejipinda. Alitumia wembe, anaogopa asimkate nyama. Mjomba akasema, 'Una mkono mwepesi.' Ni hilo tu. Siku nzima hakusema lingine."

Nesi akafumbua macho. "He! Mama, kumbe umekikariri?"

"Sikukariri, binti yangu. Mimi sijui kusoma. Hata jina langu silijui linavyokaa." Alisema hivyo tu, kama anayesema mvua imeacha. "Huyo mjomba ni wangu. Wazazi wangu walipokufa ndiye aliyenichukua, akanitoa shule sijamaliza hata mwaka, nikamchungie watoto. Na alipougua ni mimi niliyemwuguza, maana wale watoto niliowachunga hawakuja. Siku ile mliponipa kitabu sikujua kinasema nini. Nikasoma nilichokuwa nacho."

Msusi alitaka kugeuka. "Kaa sawa," mama akamwambia, "utaniharibia mstari." Akamvuta kidogo, si kwa nguvu. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Ukakaa hapa ukanisomea uongo wangu, mtu unayeheshimu vitabu namna hiyo. Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke."

"Ni mimi wa kushukuru, Mama," msusi akasema, akakumbatia kitabu kifuani.

Nesi alikuwa amesimama. "Mama, mimi ndiye niliyekuchokoza na miwani. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Usingenichokoza ningekufa na mzee huyu tumboni. Nimemkalia kimya tangu nikiwa msichana. Hata huyu mwanangu, mume wa huyu, hajui. Nilipomsema kwa sauti siku ile, mkalia, nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika chakula kingi mpaka nikagawa kwa majirani."

"Angalau alikuomba msamaha," Nesi akasema.

Mama mkwe alichovya vidole kwenye mafuta, akapaka kwenye mstari uliobaki wazi, taratibu, kutoka paji la uso hadi kisogoni. "Hapana. Hakuniomba. Hilo la kuomba msamaha niliongeza mimi."

Nje fundi wa matairi aliwasha mashine yake, ikapiga kelele, ikazima. Msusi aliona huruma na shukrani vimemchanganyikia moyoni hata hajui kipi ni kipi. Akatazama rafuni, lile tofali la vizazi vitatu alilolipangia kuanza juma lile, akaona wazi kwamba halina haraka.

"Huyu wa kwenye kitabu," mama akauliza, "mmefika naye wapi?"

"Amerudi," Nesi akasema. "Amevaa koti. Anadai tanuri ni lake."

"Kwa hiyo yu hai?"

"Yu hai, Mama. Tena ana kiburi, hujapata kuona!"

Mama mkwe akavuta benchi kwa mguu, akamwashiria Nesi akae karibu, akampokonya msusi kitabu na kumpa Nesi. Kisha akazirudia nywele za mkwe wake pale alipoziacha, akazikaza.

"Vizuri," akasema. "Nisomee, na ukifika anapoongea usimame kidogo. Wangu alikufa sijamjibu."